Kabla hujawaza waya, chungulia magego ya mwanao

Nafundisha darasa la pili hapa Arusha, na kwenye ukaguzi wa usafi wa Jumatatu siishii kwenye kucha na kola. Nawaambia wafungue na midomo. Wazazi wakija, swali ni lile lile: "Mwalimu, meno ya huyu yamepandana, nimpeleke akawekewe waya?" Jibu langu huwaudhi kidogo: waya baadaye, kwanza tuangalie kama hayajaanza kutoboka.

Jino kukaa upande si ugonjwa. Kinachooza ni pale mswaki usipofika: utando unabaki, vijidudu vinakula sukari na kutoa asidi, asidi inalila jino. Ndiyo maana hata mwenye meno yaliyonyooka kama mstari anaoza akishinda na pipi mdomoni. Ila meno yaliyobanana yanaupa utando maficho. Shuleni tunakula makande. Mtoto akishamaliza, mwinamishe kichwa umulike kwa tochi ya simu nyuma ya meno ya mbele ya chini: ganda la harage limejibana kati ya mawili yaliyopishana, na amesukutua kweli, si kwamba ni mchafu.

Wengi hawajui kuwa mambo huenda kinyume pia: kuoza nako huharibu mpangilio. Magego ya utotoni hushika nafasi hadi mtoto afike miaka 10 hadi 12. Likitoboka likang'olewa ana miaka 7, majirani wanasogelea pengo, na jino la ukubwani likija halina pa kukaa, linachomoza pembeni. Kwa hiyo ukiambiwa "ya utotoni hayo, si yatang'oka tu," usiitikie haraka. Uliza kama linazibika. Kama lazima ling'olewe, uliza kama anahitaji kifaa cha kushikilia nafasi.

Halafu kuna gego la miaka 6. Linaota nyuma kabisa ya magego ya utotoni, hakuna jino linalong'oka kulipisha, basi mzazi anadhani nalo ni la utotoni. Hilo ndilo la kuzeeka nalo! Juu lina mifereji inayonasa chakula, na daktari wa meno anaweza kuifunika kabla haijatoboka. Bora hela iende huko kwanza.

Sisi wa huku tuna la ziada. Maji ya sehemu kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki yana madini ya floraidi kwa wingi, na watoto wanaokulia huko huota meno yenye madoa ya kahawia. Hayo si kuoza. Madoa ya maji hufanana kulia na kushoto; tundu hukaa mahali pamoja, hulainika, hunasa chakula. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Lakini usimnyime mtoto dawa ya meno yenye floraidi kwa sababu hiyo: kiasi cha punje ya njegere kinatosha, mradi ateme.

Nyumbani mswaki nashika mimi, na wangu yuko darasa la kwanza. Nasimama nyuma yake, kichwa kaegemeza tumboni kwangu, mswaki nausimamisha wima nyuma ya meno ya chini, jino moja moja. Mikono ya mtoto chini ya miaka 7 au 8 haijaiva kwa kazi hiyo, hata akikuapia kapiga. Usiku ndiyo usiruke kabisa. Kuhusu ubuyu na kashata sipigi marufuku, nitakuwa najidanganya. Namtaka ale amalize, asiutafune tangu mapumziko hadi kengele ya kurudi nyumbani, maana kila tonge la sukari linaiamsha asidi upya.

Na waya? Mara nyingi huwekwa meno ya ukubwani yakishaota karibu yote. Hata siku hiyo ikifika, daktari atataka matundu yazibwe kwanza, kwa sababu waya nazo zinanasa chakula.