Mume amesema "ndugu zangu wanajua": dada, hiyo haitoshi

Pole dada, nimekuelewa. Wewe ulikuja na kijana wako, mzee wako ana watoto wawili wa marehemu mkewe, mmoja mmezaa pamoja, na ploti ya Rongai iko kwa jina lake peke yake. Anakwambia ndugu zake ameshawaambia kwa mdomo nani atarithi nini. Unaogopa kijana wako atafukuzwa siku mzee hayupo, na una haki ya kuogopa. Mimi nililelewa na baba wa kambo, alipofariki bila wosia ami zangu wakasema mimi si damu, kilichoniokoa ni risiti za karo mama aliweka kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Sheria ya urithi ya Kenya inamtambua mtoto ambaye marehemu alimchukua kama wake akamlea, lakini lazima uthibitishe kortini na hiyo inakula miaka na pesa. Weka risiti.

Hayo ya kuambia ndugu kwa mdomo yanashika tu kama kulikuwa na mashahidi wawili na afariki ndani ya miezi 3. Aandike wosia, ataje kila mtoto kwa jina, mashahidi wawili wasaini na wewe usiwe mmoja wao maana fungu lako linaweza kubatilika. Kama ana wosia wa zamani kabla hamjafunga ndoa, kwa kawaida ndoa imeufuta. Alafu muulize pole pole fomu ya sacco na pensheni ina jina la nani wa kulipwa akifariki, wengi wamesahau hapo.

Kama nyinyi ni Waislamu hesabu ni nyingine, muoneni kadhi. Ploti nayo msiguse taito (hati ya ardhi) bila wakili.