Kabla hujaifuata ramani ya zamani Laikipia

Nilipoanza kazi ya kukagua vyanzo vya maji katika ranchi moja ya Laikipia, Kenya, nilikabidhiwa ramani ya zamani ya skeli 1:50,000 (sentimita moja ni nusu kilomita ardhini). Ilikuwa imechanika mikunjoni, lakini ndani yake mlikuwa na majosho, silanga (mabwawa ya maji), njia za ng'ombe, na herufi BH palipochimbwa kisima kirefu. Nikasoma majiranukta, yaani tarakimu za mahali, ya kisima kimoja, nikayaingiza kwenye simu, nikaenda. Nilizunguka kwenye miiba hadi jua likageuka. Kisima sikukiona. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alinyoosha fimbo yake kusini: "Kiko huko, kijana wangu, nyuma ya ile migunga."

Ramani haikuwa na kosa. Ilichorwa kwa mfumo wa majiranukta uitwao Arc 1960, na simu hutumia mfumo mwingine, WGS84. Huku kwetu mifumo hiyo inapishana kama mita 300 kaskazini-kusini, na karibu 90 mashariki-magharibi. Kwenye uwanda ulio wazi utakiona tu unachokitafuta. Kwenye kichaka mita hizo ni nyingi mno. Kwa hiyo chagua Arc 1960 kwenye programu yako kabla ya kuandika tarakimu hata moja.

Jambo la pili: tafuta pembeni mwa ramani mwaka wa picha za angani. Mwaka wa kuchapisha hautoshi. Ofisi ya Uingereza iliyoanzishwa 1946 kupima makoloni, ambayo tangu 1957 iliitwa Directorate of Overseas Surveys, ilichora ramani hizi kutokana na picha zilizopigwa na ndege, huku wapimaji wakipanda vilima kuweka alama za vipimo. Kaskazini kwenye ukame zaidi walitosheka na 1:100,000, isiyoonyesha mambo madogo sana. Naviheshimu sana vilima vyao, havijasogea. Maji ni habari nyingine. Silanga iliyojaa siku ndege ilipopita huenda leo ni tope lililokauka, na mstari wa buluu wa vipande vipande ni korongo la mchanga.

Majina nayo usiyaruke. Kwa Kimaa, lugha ya Wamasai, ngare ni maji. Ukiliona neno hilo mahali pasipochorwa kisima wala kijito, waulize wazee. Mimi huenda na nakala, siyo ramani yenyewe, nikaandika kwa penseli walichoniambia, pamoja na mwezi niliopaona.