Re: Mbona dunia haiturushi?

Mkuu umeuliza kama dunia inazunguka kasi hivyo mbona haiturushi kama maji ya nguo kwenye mashine ya kufulia. Kilomita kama 1,670 kwa saa pale ikweta inatisha kweli, ila usiangalie spidi peke yake, angalia inachukua muda gani kumaliza mzunguko, dunia karibu saa 24 nzima wakati dramu ikikamua inapiga hata mizunguko 1,000 kwa dakika, sasa hapo utafananishaje? Huo mzunguko unakupunguzia uzito kama asilimia 0.3 tu ukiwa ikweta, mvutano unashinda kirahisi sana. Ila dunia yenyewe imevimba katikati kwa ajili hiyohiyo, kipenyo cha ikweta kimezidi cha ncha kwa ncha kwa kilomita 43 hivi. Ingezunguka mara 17 ya sasa ndo watu wa ikweta wangeanza kuelea.