Kupe, homa ya kutokwa damu na ini: tunajibu maswali yenu

SWALI: Kaka yangu huchinja ng'ombe Mbarara, Uganda. Alishikwa na homa kali ghafla, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na siku ya nne fizi zikaanza kutoka damu. Hospitali wamesema ni homa ya Krimea-Kongo na kwamba ini limeumia. Mbona macho yake si ya njano?
Msomaji, Kabale

JIBU: Pole sana kwa kuuguza. Ini huweza kuumia vibaya macho yakiwa bado meupe. Homa ya Krimea-Kongo husababishwa na virusi vinavyoenezwa na kupe na kwa damu ya mnyama aliyeambukizwa, na katika ugonjwa huu manjano, ikitokea, huonekana baada ya siku ya tano hivi. Virusi hivi huingia ndani ya seli za ini na kuziua. Seli zikifa, vimeng'enya vyake humwagika kwenye damu, na ndivyo vinavyoandikwa AST na ALT kwenye majibu ya maabara. Mara nyingi AST hupanda kuliko ALT.

Tatizo kubwa zaidi ni hili: ini ndilo linalotengeneza protini nyingi za kugandisha damu, ikiwemo fibrinojeni. Likilegea wakati chembe sahani (chembe ndogo za damu zinazosaidia kuigandisha) nazo zinaisha, damu hukosa kizuizi. Hutoka kwenye fizi na puani, choo huwa cheusi kama lami, na hata tundu la sindano huendelea kuvuja.

Ombeni kuelezwa majibu ya siku tano za kwanza. Tangu 1989, kwa vigezo vilivyotoka Afrika Kusini, AST ya 200 au zaidi, ALT ya 150 au zaidi, chembe sahani 20,000 au pungufu kwa maikrolita, au fibrinojeni ya miligramu 110 au pungufu kwa desilita ni dalili ya hatari kubwa, hata ikiwa ni kimoja tu. Kipimo cha siku ya pili peke yake hudanganya, kwa kuwa hali hubadilika haraka. Vipimo virudiwe.

SWALI: Kabla ya kufika hospitali mgonjwa wetu alipewa diklofenaki na dawa ya mizizi. Tulikosea?

JIBU: Mwambieni daktari leo hii, msifiche. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hudhoofisha chembe sahani, na sindano ya msuli huacha bonge la damu. Dawa za mizizi huweza kulitwisha ini mzigo ambao haliwezi kuubeba. Hata parasetamoli ina mpaka. Mtu mzima mwenye ini zima hapaswi kuzidisha vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku. Ini likiumia, daktari hushusha kiwango hicho, mara nyingi hadi nusu. Kumbukeni pia kuwa dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake.

SWALI: Akipona, atabaki na ugonjwa wa ini?

JIBU: Hapana. Wanaopona huanza kupata nafuu siku ya tisa au ya kumi, na ini hujijenga upya. Virusi hivi havibaki kwenye ini kama vya hepatitisi B. Asiguse pombe mpaka AST na ALT zirudi kawaida. Uchovu huweza kumwandama kwa wiki kadhaa.

SWALI: Sisi wafugaji tujikingeje, na ng'ombe wetu haonekani kuumwa?

JIBU: Hapo ndipo ugumu ulipo: ng'ombe au mbuzi hubeba virusi damuni kwa takriban wiki moja huku akila majani kama kawaida. Mwogesheni kwa dawa ya kupe wiki mbili kabla ya kuchinjwa. Acheni kabisa kuponda kupe kwa kucha, maana maji yake huingia kwenye mchubuko. Aliyekung'ata mshike karibu na ngozi kwa kibano, mvute taratibu moja kwa moja, kisha nawa kwa sabuni. Msimpake mafuta ya taa.

Machinjioni vaeni glavu, aproni na kinga ya macho. Damu iliyomwagika ioshwe kwa klorini ya asilimia 0.5, yaani sehemu moja ya dawa ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji. Aliyeguswa na damu ajipime joto kila siku kwa siku 13. Nyama iliyoiva haina neno. Wa kuogopa ni ule mkono wenye kidonda unaochuna ngozi.