Maswali na Majibu: Ukilipa ada ya duka la jumla, hela yako itarudi?

Barua nyingi za mwezi huu zinazunguka jambo moja: kununua jumla, iwe kwa kadi, kwa kikundi au kwa mtaji wa kuungaunga. Nimechagua chache. Bei za vyakula kwenye hesabu zangu ni za mfano tu, weka za kwako.

Shikamoo mama. Kuna duka la jumla limeanza kuuza kadi ya uanachama, Sh60,000 kwa mwaka. Mwenye kadi anapata bei ya jumla hata akichukua katoni moja. Nyumbani tuko sita. Niichukue? – Mama wa watatu, Tabata

Marahaba mwanangu. Kwanza niambie, bei ya hilo duka unailinganisha na ya nani? Wengi wanailinganisha na ya duka la mtaani, kwa Mangi, na hapo kadi lazima ionekane nzuri. Lakini Dar bei ya jumla haijawahi kudai kadi. Ukienda Kariakoo ukataka katoni ya sabuni, unauziwa kwa bei ya katoni na hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Mchele na maharage viko Tandale, ndizi ziko Mabibo, viazi na nyanya Ilala. Hao ndio wapinzani wa hiyo kadi. Duka likiwa na bei ileile ya Kariakoo, basi Sh60,000 yako inanunua kutosukumana na kupata sehemu ya kuegesha gari. Kwa mwenye mtoto mgongoni hilo nalo ni kitu, ila ujue ndicho unacholipia.

Tuseme kweli bei zao ziko chini. Andika vitu ambavyo nyumba yako inamaliza kila mwezi bila kukosa: mchele, unga, sukari, mafuta, sabuni. Usiandike ambavyo ungevinunua kwa sababu umeviona vimepangwa vizuri. Chukulia vinakugharimu Sh180,000 kwa mwezi, na duka la kadi linakupunguzia asilimia 5. Hiyo ni Sh9,000. Bajaji ya kurudi na mzigo Tabata ni Sh7,000. Zinabaki Sh2,000 kwa mwezi, yaani Sh24,000 kwa mwaka, na wewe ulilipa Sh60,000. Umepoteza Sh36,000.

Sasa badilisha kitu kimoja: nenda kila baada ya miezi miwili. Unafuu wa safari moja unakuwa Sh18,000, toa bajaji ileile ya Sh7,000, zinabaki Sh11,000. Mara sita kwa mwaka ni Sh66,000. Ada imerudi na umebakiwa na Sh6,000. Kwa maneno mengine, nauli ndiyo inayoamua, na ili kuishinda nauli ni lazima uwe na Sh360,000 mkononi kwa mkupuo. Kama hela ya nyumbani inakuja kidogo kidogo, kadi hiyo si yako kwa sasa. Na hata kama unayo, Sh6,000 ni kiasi kinachomalizwa na kiroba kimoja cha unga kilichoingia wadudu.

Halafu angalia vipimo. Lita 20 za mafuta ya kula zina uzito wa kilo 18 na kidogo, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Duka moja likikutajia bei kwa kilo na lingine kwa lita, usizilinganishe hivyohivyo. Kilo moja ya mafuta ni kama lita moja na mililita 100. Geuza zote ziwe lita kwanza, ndipo uamue nani ana nafuu.

Habari mama. Binti yangu ameolewa Marekani, wako wawili tu na mumewe. Anataka kujiunga na Costco, mumewe anasema ni kutupa hela. Nani yuko sahihi? – Baba wa Mikocheni

Njema kaka yangu. Kule kadi ina maana tofauti na ya huku, ndiyo maana wakwe wengi wanashindwa kuelewana kwenye simu. Maduka ya jumla ya wanachama kama Costco yalianzia San Diego mwaka 1976, Sol Price alipofungua Price Club. Costco yenyewe ilifunguliwa Seattle mwaka 1983, na mwaka 1993 zikaungana. Mtindo wao ni kuweka faida ndogo sana juu ya bidhaa, na sehemu kubwa ya faida wanaipata kwenye ada za wanachama. Ada ndiyo inayowawezesha kushusha bei. Mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo anapata faida yake kwenye mzigo wenyewe, kwa hiyo akikuongezea ada una haki ya kuuliza imeshusha bei ya nini.

Tangu Septemba 2024 ada ya kawaida ya Costco huko Marekani ni dola 65 kwa mwaka, na ya daraja la juu ni dola 130. Wa daraja la juu hurudishiwa asilimia 2 ya manunuzi mengi anayofanya humo. Ili zile dola 65 za ziada zirudi, lazima anunue vya dola 3,250 kwa mwaka, kama dola 271 kila mwezi. Watu wawili wasio na mtoto wasianze na hiyo. Waanze na ya kawaida, ambayo inakuja na kadi ya pili kwa mtu mwingine wa nyumba hiyohiyo, na wakiona haiwafai wataomba warudishiwe ada yao. Costco hurejesha yote. Kwa hiyo binti ajaribu, na mkwe hana cha kuhofia.

Mambo mama. Naishi mwenyewe chumba kimoja Sinza, mchana nakula kazini. Ninunue jumla? – Kijana wa Sinza

Hapana, mwanangu. Sabuni, dawa ya meno na karatasi za chooni nunua nyingi kwa pamoja kwa sababu haviozi. Chakula nunua cha kukutosha wiki. Chumba kimoja hakina pa kuweka gunia.

Shikamoo. Mimi ni mama lishe Buguruni. Napika kilo kumi za mchele kila siku, siku sita kwa wiki, nanunua dukani kila asubuhi. Wenzangu wananiambia najipunja. Nifanyeje na mtaji sina? – Mama lishe

Marahaba mdogo wangu. Barua yako ndiyo iliyonifanya niandike ukurasa huu, kwa hiyo nitakaa nayo.

Wenzako wana hoja. Chukulia dukani unanunua kilo Sh2,800, na mchele uleule Tandale kwa gunia unakuja Sh2,500. Kwa wiki unapika kilo 60, kwa hiyo tofauti ni Sh18,000. Bajaji mpaka Buguruni tuseme Sh8,000. Unabakiwa na Sh10,000 kila wiki, na hiyo ni ada ya shule ya mtoto ikikusanywa.

Ila usianze na kilo 20 "kwa kujaribu". Kilo 20 zinakuokolea Sh6,000, bodaboda itachukua Sh5,000, na asubuhi yako yote imeishia njiani. Ukinunua kidogo, unafuu wote unaenda kwa mwenye chombo. Tafuta mama lishe mwenzako wa hapohapo, muunganishe kilo 120, mzigo ubebwe na guta moja. Hapo nauli inagawanyika na kila mmoja anaonja faida.

Mtaji: kilo zako 60 zinataka Sh150,000 kwa siku moja, wakati sasa unatoa Sh28,000 kwa siku. Pengo ni Sh122,000. Liweke pembeni polepole kutoka kwenye mauzo, hata ikichukua miezi. Nakuomba sana usiende kwa wale wa kausha damu. Mkopeshaji akitaka asilimia 30 kwa mwezi, Sh150,000 inazaa riba ya Sh45,000. Unafuu wako wa wiki nne ni Sh40,000. Utaamka alfajiri, utabeba gunia, utauza, na mwisho wa mwezi umemfanyia kazi yeye na umeongezea Sh5,000 za mfukoni mwako.

Na kuna jambo ambalo wenzako hawakulihesabu. Mwenye duka wako, naamini, anakuandika kwenye daftari siku mauzo yakiwa mabaya. Anakupa mchele asubuhi, unalipa jioni. Huo ni mkopo usio na riba, na thamani yake inaonekana wiki ya mvua ambapo wateja hawaji. Hamishia mchele Tandale, lakini nyanya, chumvi, viberiti na mafuta ya kumalizia endelea kuchukua kwake, na lipa deni lake kwa wakati. Siku gunia litakapochelewa utamhitaji.

Nilinunua gunia la mahindi nikaambiwa kilo 100. Kupima nyumbani, kilo 92. Nina haki gani? – Mzee wa Mbagala

Shikamoo mzee wangu. Una haki. Vipimo vya biashara vinasimamiwa na Wakala wa Vipimo chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Mizani ya sokoni inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka na kuwekewa alama ya uhakiki. Itafute hiyo alama kabla hujatoa hela. Mizani isiyo nayo, hamia kwa jirani yake. Peleka malalamiko kwa Wakala ukiwa na risiti, kwa sababu bila risiti itakuwa neno lako na lake.

Tunazoea kusikia lumbesa ikilaumiwa kwa upande wa mkulima, ambaye anajaza gunia mpaka linavimba halafu analipwa la kawaida. Mkulima anaibiwa kwa gunia lililozidi na mnunuzi wa Dar anaibiwa kwa lililopungua. Dawa ya wote wawili ni kuuziana kwa kilo. Ukiambiwa "gunia ni gunia tu", ondoka.

Tuko familia tano Kimara, tunataka kuchanga tununue gunia na dumu la mafuta kila mwezi. Mmoja anataka tutoe kiingilio cha Sh10,000 kila familia. Ni sawa? – Dada wa Kimara

Inategemea kiingilio kinakwenda wapi. Kama ni "kwa ajili ya kikundi" bila maelezo, kataeni. Kama kinanunua mizani ya kuning'iniza na chaga ya kuwekea mzigo, toeni leo, maana vikundi vya namna hii huvunjikia kwenye kugawana.

Nieleze kwa nini. Gunia la kilo 100 kwa watu watano ni kilo 20 kila mtu kwenye karatasi. Mkipima kwa bakuli, wa kwanza anajaziwa mpaka linamwagika, wa tatu anapewa la kusawazishwa, wa tano anapewa la chini lenye vumbi na chenga. Anaondoka kimya, mwezi ujao hachangi. Fanyeni hivi: tandikeni turubai, mwageni gunia lote, changanyeni, pimeni kilo 19 kila familia, kisha kinachobaki mkigawe mara ya pili. Gunia tupu nalo lina uzito wake, na kidogo kitamwagika, kwa hiyo hamtafika 20 kamili. Mkiliona wote kwa macho hakuna atakayenung'unika.

Hela ichangwe siku moja kabla ya kwenda sokoni, isikae kwa mtu wiki mbili. Anayekwenda arudi na risiti na picha yake iingie kwenye grupu siku hiyohiyo. Nauli yake ilipwe na wote. Na kazi ya kwenda izunguke, kwa sababu anayechagua mchele kila mwezi mwishowe anachagua anaoupenda yeye.

Nikinunua jumla, mchele unaingia wadudu. Na mume anataka tununue friza ya samaki wa Feri. Nishauri. – Mama wa Kigamboni

Kwa mchele, joto na unyevu wa pwani ndiyo tatizo. Gunia lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta. Mifuko ya kinga njaa yenye tabaka tatu inafaa: ukiifunga vizuri hewa inaisha ndani na wadudu wanakufa, bila dawa. Ile dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi usiiweke kabisa kwenye mchele. Dona usinunue nyingi, kwa sababu ina kiini chenye mafuta na huchacha mapema. Sembe huvumilia zaidi.

Friza ndiyo inayonitia wasiwasi. Kwa bei zilizopangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo, mtumiaji mdogo wa LUKU analipa Sh100 kwa yuniti mpaka yuniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi ni Sh350. Tuseme sasa mnatumia 60, yaani Sh6,000. Friza ikila yuniti moja kwa siku, mnafika 90, na umeme unakuwa Sh12,750. Mkiendelea kuvuka 75 mtahamishiwa kundi la Sh292 kwa kila yuniti, na zile 90 zitakuwa Sh26,280. Hizo ni zaidi ya Sh20,000 za ziada kila mwezi, kabla hujamlipa hata mvuvi. Kama mnauza samaki, friza itajilipa. Kama ni wa kula nyumbani, mnakaa Kigamboni, kivuko kinawashusha Feri penyewe. Nunueni samaki wa siku mbili tatu na mweke kwenye friji mliyonayo.