Nameza omeprazole kila usiku, mbona kiungulia hakiishi?

Swali: Shikamoo mfamasia. Nimeandikiwa omeprazole ya miligramu 20, kutwa mara moja. Kiungulia hunishika zaidi usiku, kwa hiyo naimeza nikishakula, ndipo napanda kitandani. Leo siku ya kumi, kifua bado kinawaka. Niongeze ziwe mbili?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiongeze, kwanza badilisha saa. Imeze kwa maji dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, kila siku, hata siku ambayo kifua kimetulia.

Ndani ya ukuta wa tumbo mna pampu ndogo ndogo zinazomwaga asidi. Tumbo likiwa tupu, nyingi zimelala. Chakula ndicho kinachoziamsha. Omeprazole hufunga pampu iliyoamka tu, na yenyewe haikai sana kwenye damu, saa chache tu imekwisha. Kwa hiyo inapaswa kukusubiri damuni tonge la kwanza likiingia. Wewe unaimeza umeshashiba, halafu unalala bila kula tena. Inapofika, pampu nyingi zimeshapumzika.

Wengi nawaambia waimeze kabla ya kifungua kinywa. Kwako, kwa kuwa shida ni ya usiku, kabla ya chakula cha jioni panafaa zaidi: ukila saa mbili, imeze saa moja na nusu. Na kama asubuhi yako ni chai ya rangi peke yake, usiihesabu kuwa mlo.

Jambo jingine, kapsuli imezwe nzima. Ukiifungua utaona vipunje vidogo, kila kimoja kimevikwa ganda la kukikinga na asidi ya tumbo mpaka kifike utumbo. Mama mmoja alinieleza dirishani kwamba humtwangia mumewe vile vipunje ili ameze kwa urahisi. Iliniuma, maana alikuwa akimhudumia kwa moyo wote na dawa inaharibikia tumboni.

Ukishabadilisha saa, ipe siku tatu hadi tano, kwa sababu pampu hazifungwi zote kwa siku moja. Kiungulia kikikubana katikati, tafuna magnesium, kidonge cha kutuliza asidi, baada ya kula. Ila kama unatumia vidonge vya kuongeza damu, au antibiotiki kama doxycycline au ciprofloxacin, viachanishe na magnesium kwa saa mbili au zaidi; ciprofloxacin imezwe saa mbili kabla ya magnesium au saa sita baada yake. Vikikutana tumboni, dawa hizo hazinyonywi vizuri. Na tafadhali, kaa muda wa saa tatu baada ya kula ndipo ulale. Kwa anayeungua usiku kama wewe, hilo lina uzito sawa na kidonge.

Wiki mbili zikipita bila nafuu, rudi kwa daktari aliyekuandikia. Usingoje hizo wiki mbili ukiona chakula kinakwama kooni, unakonda bila sababu, unatapika damu au unapata choo cheusi kama lami. Na maumivu ya kifua yakienda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho au kukosa pumzi, nenda hospitali saa hiyo hiyo.