Mustakabali wa opera: jibu la mwanakwaya wa jukwaani

Swali lililoulizwa ni kama opera, yaani tamthilia inayoimbwa pamoja na okestra, bado ina nafasi kwa hadhira ya leo, au imebaki kuwa sanaa ya wazee wenye fedha ambayo itazikwa pamoja nao. Nimeimba besi, sauti ya chini kabisa ya kiume, katika kwaya ya opera kwa miaka mingi, na baadaye nikapewa pia jukumu la kuwapokea na kuwaandaa watu wanaofika ukumbini kwa mara ya kwanza, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kutokana na niliyoyaona pande zote mbili za pazia. Msimamo wangu ni kwamba sauti ya mwimbaji haijapoteza uwezo wa kumshika msikilizaji. Kinachoiweka opera hatarini ni gharama zake, ukubwa wa baadhi ya kumbi zake, na woga wa wanaoiongoza wa kuzipa kazi mpya muda wa kukomaa.

Nianze na fedha, kwa sababu wengi hurukia suala la ladha za vijana na kuliacha hili nyuma. Opera moja ya mtunzi Verdi huhitaji okestra ya watu wapatao sitini au zaidi, kwaya kubwa, waimbaji wakuu, wachezaji wa dansi, mafundi wa taa, wa mapambo na wa maleba, na wote hao hulipwa kwa majuma ya mazoezi kabla tiketi ya kwanza haijachanwa mlangoni. Mwaka 1966 wachumi William Baumol na William Bowen walieleza kiini cha tatizo hili kwa namna ambayo haijapitwa na wakati: kiwanda kinaweza kununua mashine na kupunguza saa za kazi kwa kila bidhaa, lakini onyesho la saa tatu linataka watu wale wale na saa zile zile kama lilivyotaka katika karne ya 19, ilhali mishahara lazima ipande pamoja na ya watu wa kazi nyingine. Ndiyo maana pengo kati ya gharama na mapato ya tiketi huendelea kupanuka hata ukumbi unapojaa. Katika jumba mojawapo nililofanyia kazi, tulimaliza msimu uliouza tiketi vizuri sana, kisha muda mfupi baadaye tukaarifiwa kwamba idadi ya wanakwaya wa kudumu ingepunguzwa. Wenzangu kadhaa waliona kwamba wamelaghaiwa. Mimi niliumia kama wao, lakini nilipoyasoma mahesabu nilielewa kwamba makofi ya hadhira na uhai wa jumba ni mambo mawili tofauti.

Mifano ya hadharani inalithibitisha hilo. New York City Opera, iliyoanzishwa mwaka 1943 kwa lengo la kuwapa watu wa kawaida opera ya bei nafuu, ilifilisika mwaka 2013, na iliporejea mwaka 2016 ilikuwa ndogo zaidi. Nchini Uingereza, mwishoni mwa mwaka 2022, English National Opera iliambiwa kwamba itaondolewa katika orodha ya taasisi zinazopata ruzuku ya kawaida ya serikali, na kwamba fedha zijazo zingetegemea kuhamia nje ya London. Ninaitaja hasa kwa sababu ni kampuni iliyojijengea desturi ya kuimba kwa Kiingereza ili hadhira yake ifuate hadithi bila kizuizi, jambo ambalo wakosoaji wa opera hulidai kila siku. Kama juhudi za kuwafikia watu zingetosha peke yake kuilinda kampuni, hiyo ingekuwa miongoni mwa zilizo salama zaidi.

Sasa niwageukie wasikilizaji wenyewe. Husemwa kwamba mtu wa leo, aliyezoea video fupi za simu, hawezi kukaa saa tatu akisikiliza watu wakiimba. Wageni niliowapokea hawakunipa sababu ya kuamini hivyo. Kilichofanya kazi kuliko maelezo yoyote ya awali kilikuwa kuwaleta katika chumba cha mazoezi, mahali pasipo mapambo wala maleba, penye piano moja tu, na kuwaketisha hatua chache kutoka kwa soprano, mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, anayeimba kwa nguvu zake zote. Wengi wao walikuwa hawajawahi kusikia sauti ya binadamu iliyofunzwa ikijaza chumba bila kipaza sauti, na nyuso zao zilibadilika kabla aria, wimbo wake wa peke yake, haijafika katikati. Mwimbaji wa opera hujifunza kwa miaka kuelekeza nguvu ya sauti yake kwenye masafa ya karibu hertz 3,000, yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde, ambako okestra ina nguvu ndogo zaidi na ambako sikio la mtu husikia vizuri sana, na hivyo mtu mmoja huweza kusikika juu ya ala nyingi. Hakuna spika inayoleta hisia ile ya mwili wa mtu mwingine unaotikisa hewa uliyoketi ndani yake.

Hisia hiyo hupungua kadiri msikilizaji anavyokaa mbali. Metropolitan Opera ya New York, katika jumba lililofunguliwa mwaka 1966, ina viti karibu 3,800, na muziki wa mtunzi Mozart, ulioandikiwa majumba madogo zaidi, hulazimika kusafiri umbali ambao haukukusudiwa. Viti vya bei nafuu, ambavyo ndivyo mgeni hununua, viko mbali kuliko vyote, na hapo ndipo ninapoona kosa kubwa la mpango mzima: mtu anayehitaji kushawishiwa hupewa sehemu iliyo dhaifu zaidi ya tunachokitoa, kisha tunashangaa kwamba hakurudi. Kama ningekuwa na uamuzi, kila onyesho lingetenga safu kadhaa za mbele kwa wanaokuja mara ya kwanza, kwa bei ya viti nafuu vya ghorofa ya juu kabisa, na mapato yanayopotea yangehesabiwa kuwa gharama ya matangazo.

Jambo la adabu za ukumbini nitalipitia haraka. Hofu ya kupiga makofi mahali pasipofaa au kuvaa vibaya huwazuia watu wengi, ilhali utaratibu wa kukaa gizani kimya kabisa ni wa juzi juzi tu katika historia ya sanaa hii. Tangu Venice ilipofungua jumba la kwanza la opera la kuuza tiketi kwa umma mwaka 1637, na kwa muda mrefu baadaye, watu walizungumza, walikula na kutembeleana wakati waimbaji wakiendelea. Mtunzi Wagner ndiye aliyesaidia sana kuueneza ukimya na giza kupitia jumba lake la Bayreuth, lililofunguliwa mwaka 1876. Ninaupenda ukimya huo, lakini sioni sababu ya kumfanya mgeni auogope.

Teknolojia imesaidia kuliko inavyosifiwa. Maandishi ya tafsiri yanayooneshwa juu ya jukwaa yalianza Toronto mwaka 1983, na kulikuwa na waongozaji walioyachukia kwa madai kwamba yangeondoa macho ya watu kwa waigizaji. Kutoka kwayani huwa tunasikia tatizo lake dogo, kwamba hadhira hucheka kabla mwimbaji hajamaliza sentensi kwa sababu imeshaisoma, lakini ni bora kicheko cha mapema kuliko saa tatu za kukisia nani amemsaliti nani. Kuhusu maonyesho yanayorushwa moja kwa moja katika majumba ya sinema, ambayo Metropolitan iliyaanza Desemba 2006, maoni yangu yamegawanyika. Yamewapa opera watu wasio na jumba lolote karibu nao, na hilo ni jema lisilopingika. Hata hivyo, vipaza sauti husawazisha sauti kubwa na ndogo hadi zisitofautiane, na kamera ya karibu hushawishi majumba kuchagua sura kabla ya koo. Mlango wa kwanza unaweza kuwa mdogo sana: soprano Pretty Yende wa Afrika Kusini ameeleza mara nyingi kwamba aliisikia opera kwa mara ya kwanza katika tangazo la televisheni alipokuwa kijana, na leo anaimba katika majumba makubwa ya dunia.

Ninalolijali zaidi ni kazi mpya. Orodha ya majumba mengi huzunguka kazi zile zile za Mozart, Verdi, Puccini na Bizet, na hadhira inayojali haki za wanawake na heshima ya watu wa mataifa mengine ina maswali halali kuhusu baadhi yake. Metropolitan iliacha kumpaka rangi nyeusi mwimbaji anayeigiza Otello, mhusika Mweusi wa opera ya Verdi, mwaka 2015 tu. Jumba hilo hilo lilipofunguliwa tena Septemba 2021 baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, lilianza na opera ya Terence Blanchard, ya kwanza kutungwa na mtunzi Mweusi katika historia yake iliyoanza mwaka 1883. Desemba 2022 likatangaza kwamba litaongeza kazi za watunzi walio hai, na wakati huo huo kwamba litachota hadi dola milioni 30 kutoka katika mfuko wake wa akiba. Si kila kazi mpya iliyofuata iliyojaza viti, na tayari wapo wanaotumia jambo hilo kudai kwamba jaribio limeshindwa.

Ninawaomba wakumbuke yaliyompata Puccini. Opera yake Madama Butterfly ilizomewa katika jumba la La Scala mjini Milan Februari 1904. Akaiondoa, akairekebisha, na mwezi Mei mwaka huo huo ikapokewa kwa shangwe mjini Brescia. Opera ya leo mara nyingi hainyimwi onyesho la kwanza, hunyimwa la pili. Wanahabari huja usiku wa uzinduzi, wafadhili hupiga picha, kisha mapambo hupelekwa ghalani. Sisi wanakwaya hujifunza kazi hiyo kwa moyo kwa miezi, mara nyingi yenye midundo migumu kuliko chochote cha Verdi, na ndipo tunapoanza kuielewa ambapo inaondolewa. Ningependelea jumba litoe kazi mpya moja badala ya tatu, ligawane gharama na majumba mengine mawili, lianzie katika ukumbi wa viti mia chache, limpe mtunzi nafasi ya kukata na kuandika upya, na kuirudisha jukwaani baada ya msimu mmoja au miwili. Kazi moja ya aina hiyo niliyowahi kuiimba mara mbili ilirudi ikiwa fupi kwa karibu nusu saa, na katika marudio hayo ndipo nilipowaona wageni niliowapokea mara ya kwanza wakirudi na tiketi walizonunua wenyewe.